Redio Moja, Vyoo vya Kijiji Kizima

Ndugu wana-Usangi,

Mwaka 1973 Redio Tanzania ilirusha vipindi vya "Mtu ni Afya" kwa wiki 12. Watu wapatao milioni 2 nchini walijiunga na vikundi vya kusikiliza.

Kwetu milimani, wazazi wangu husimulia, redio ilikuwa moja na betri ilichangiwa. Kikundi kilisikiliza, kiongozi akasoma kitabu, wakajadili malaria, safura, kuhara damu. Lakini hawakuinuka kabla ya kukubaliana la kufanya. Wiki iliyofuata, kabla ya redio kuwashwa, waliulizana: shimo umeshachimba? Aliyeshindwa kwa uzee au ugonjwa alichimbiwa kwa msaragambo.

Mimi ni mhasibu, na kila mwaka naziona ahadi zetu za ukumbini zikibaki kwenye karatasi. Wazee wale hawakutuzidi fedha, walituzidi kuulizana.

Mwaka huu tunachangia vyoo vya shule ya msingi. Andika ahadi unayoiweza, kisha ukubali kuulizwa. Nami nimeandika yangu. Niulizeni.