Miaka 60 ya Kombe la Gamper na usiku Juventus walipomtaka Messi kwa mkopo

Agosti mwaka huu wa 2026, Kombe la Joan Gamper linatimiza miaka 60. Barcelona huliandaa kila mwaka ligi ya Hispania inapokaribia kuanza, na huku kwetu Tanzania mashabiki hujazana vibanda umiza wakiwa na hamu moja, kuwaona waliosajiliwa wakiwa ndani ya jezi mpya. Kombe halina pointi wala halimpi mshindi tiketi ya mashindano mengine. Ukimuuliza shabiki wa kutupwa wa Barcelona nani alilichukua miaka mitano iliyopita, atakuna kichwa.

Lakini kwa vijana wa akademi ya La Masia usiku huo ni mzito kuliko mechi nyingi za ligi. Ndipo kocha anapoweza kumweka kinda wa miaka 16 au 18 mbele ya uwanja uliojaa, dhidi ya timu kubwa kutoka nje, bila kuogopa msimamo wa ligi. Historia ya kombe hili, ukiitazama vizuri, ni historia ya makocha waliokubali kufanya hivyo.

Jina ni la Hans Gamper, Mswisi wa Winterthur aliyetangaza gazetini Oktoba 1899 kwamba anatafuta wenzake wa kucheza nao mpira mjini Barcelona. Novemba 29 mwaka huohuo klabu ikazaliwa, na Wakatalunya wakampa jina lao, Joan. Aliiongoza kwa vipindi kadhaa, akainusuru isife mwaka 1908, kisha mwaka 1925 mashabiki walipozomea wimbo wa taifa wa Hispania, serikali ya kijeshi ikaufunga uwanja na yeye akalazimishwa kuondoka. Alijiua mwaka 1930 baada ya kupoteza mali zake. Kombe la kumuenzi lilianzishwa mwaka 1966 na rais wa klabu, Enric Llaudet. Kwa miaka 30 lilishirikisha timu nne, na tangu 1997 limekuwa mechi moja tu.

Usiku wake mkubwa kuliko yote ni ule wa Agosti 24, 2005. Waliousimulia kwa undani zaidi ni wawili: Fabio Capello, aliyekuwa kocha wa Juventus, ambaye amekuwa akiurudia kwenye mahojiano kwa miaka mingi, na Joan Laporta, aliyekuwa rais wa Barcelona wakati huo. Ukiyaunganisha maneno yao unapata picha ya klabu iliyokuwa na almasi mkononi na haikuwa na uhakika kama itaruhusiwa kuivaa.

Kabla ya kufika Camp Nou, turudi nyuma wiki moja kamili. Jumatano ya Agosti 17, Argentina walicheza mechi ya kirafiki na Hungary mjini Budapest. Kipindi cha pili kocha José Pékerman akamwingiza Lionel Messi, miaka 18, mechi yake ya kwanza kabisa ya timu ya taifa ya wakubwa. Kijana akapokea mpira, akageuka, akaanza kukimbia nao. Beki Vilmos Vanczák akamdaka jezi. Messi akarusha mkono nyuma ili ajinasue, mkono ukampata beki, na mwamuzi Markus Merk wa Ujerumani akachomoa kadi nyekundu. Hakuwa ametimiza dakika mbili uwanjani. Alikwenda kulia kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Huyo ndiye aliyerudi Barcelona kujiunga na wenzake katika maandalizi ya msimu. Si kwamba hakujulikana. Mwezi Julai alikuwa ameipa Argentina Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 20 nchini Uholanzi, akafunga penalti mbili katika fainali waliyoshinda 2-1 dhidi ya Nigeria ya John Obi Mikel, akaondoka na tuzo ya mchezaji bora na ya mfungaji bora kwa mabao yake sita. Juni 24, siku alipotimiza miaka 18, Barcelona walikuwa wamempa mkataba wa kwanza wa wakubwa, wenye kipengele cha euro milioni 150 kwa klabu ambayo ingetaka kumng'oa. Hata hivyo ndani ya kikosi alikuwa bado mdogo wa nyumba. Jezi namba 10 ilikuwa ya Ronaldinho, winga ya kulia ilikuwa ya Mfaransa Ludovic Giuly, na yeye alivaa namba 30.

Juventus waliofika usiku ule walikuwa wametoka kumaliza ligi ya Italia kileleni. Capello alikuwa na Fabio Cannavaro kwenye ulinzi, Patrick Vieira aliyemnunua kutoka Arsenal wiki chache kabla, na majina kama Pavel Nedvěd, Alessandro Del Piero na Zlatan Ibrahimović. Tena walikuwa na sababu ya kuichukia mechi ya kirafiki, maana siku kumi kabla golikipa wao Gianluigi Buffon aliumia bega katika mechi ya aina hiyohiyo dhidi ya AC Milan.

Kocha wa Barcelona, Frank Rijkaard, akamwanzisha Messi.

Alisimama upande wa kulia, nywele ndefu zikimpiga mabegani, na kila alipopata mpira aliingia nao ndani kwa mguu wa kushoto. Mabeki waliozoea kumsukuma mpinzani kwenye chaki walijikuta wanamfuata mgongoni. Wakaanza kumvuta, kumkwatua, kumkata miguu. Akawa anaanguka, anainuka, anaomba mpira tena palepale alipoangushwa. Hilo la kuomba tena ndilo linalonigusa ninapoitazama mechi hii, kwa kuwa siku saba tu zilikuwa zimepita tangu Budapest. Pasi yake ilizaa bao la Andrés Iniesta. Mechi iliisha 2-2 na Juventus wakalichukua kombe kwa mikwaju ya penalti. Messi alipotolewa mwishoni, Camp Nou nzima ilisimama kumpigia makofi.

Capello hakusubiri mechi iishe. Kwa simulizi yake mwenyewe, mpira ukiwa bado unachezwa alitoka kwenye benchi lake akamfuata Rijkaard, akamwomba Messi kwa mkopo wa mwaka mmoja. Hoja yake ilikuwa nyepesi: wewe nafasi za wageni umezijaza, huwezi kumtumia, nipe mimi. Rijkaard akacheka, akamwambia wanalishughulikia.

Hoja ile haikuwa utani, na ndiyo kiini cha mvutano wote wa majira yale. Kanuni za Hispania ziliruhusu kila timu ya ligi kuwa na wachezaji watatu tu wasio raia wa Umoja wa Ulaya. Barcelona walikuwa na Ronaldinho wa Brazil, Samuel Eto'o wa Cameroon na Rafael Márquez wa Mexico. Messi alifika Hispania kutoka Rosario akiwa na miaka 13, amelelewa La Masia, klabu ikalipia hata matibabu ya homoni za kukuza mwili, lakini kwenye karatasi alikuwa Muargentina. Msimu uliotangulia alicheza ligi kwa ruhusa iliyowahusu vijana waliokuzwa ndani ya nchi. Msimu mpya ulipokaribia, ruhusa ile ikageuka ugomvi, shirikisho la soka likisema lake na wasimamizi wa ligi wakisema lao. Mtoto aliyekuwa amewainua watu Camp Nou alikuwa hatarini kukaa jukwaani ligi ikianza, kwa sababu ya pasipoti.

Hapo Inter Milan wakaingia. Walikuwa tayari kuweka mezani euro milioni 150 zote za kipengele kile na kumlipa mshahara mara tatu ya aliokuwa anapata. Laporta amesema kwamba katika miaka yake ile hiyo ndiyo mara pekee ambayo klabu ilikabiliwa na hatari ya kweli ya kumpoteza. Barcelona wakakimbia: Septemba 16 wakatangaza mkataba ulioboreshwa hadi 2014, wa pili ndani ya miezi mitatu. Septemba 26 Messi akapata uraia wa Hispania. Kesho yake alicheza na Udinese kwenye Ligi ya Mabingwa, na siku nne baadaye alikuwa kwenye ligi dhidi ya Zaragoza. Mwaka uliofuata Juventus wakashushwa daraja kwa kashfa ya waamuzi iliyoitwa Calciopoli.

Simulizi nyingi humsifu Capello kwa jicho lake. Mimi sifa nampa Rijkaard. Watu zaidi ya elfu tisini waliona alichokiona Capello. Lakini kumpanga kijana tangu dakika ya kwanza dhidi ya Juventus, akiwa ametoka kuaibika Budapest, na huku kocha hajui kama ataruhusiwa kumtumia kwenye ligi, kunahitaji moyo. Angeweza kumwingiza dakika kumi za mwisho na hakuna ambaye angemlaumu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kasi. Mwaka 2008 Pep Guardiola aliwachukua Pedro na Sergio Busquets, vijana waliokuwa wametoka kucheza naye daraja la nne katika kikosi B, akawapeleka kambini St Andrews, Scotland. Miaka miwili baadaye wote wawili walianza fainali ya Kombe la Dunia Johannesburg. Mwaka 2014 ilikuwa zamu ya Munir El Haddadi, miaka 18, aliyefunga mawili Gamper walipoifumua León 6-0. Wiki hiyohiyo akafunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi, na Septemba 8 Hispania wakamwingiza kwa dakika chache dhidi ya Macedonia. Dakika zile zilimzuia kuichezea Morocco, nchi ya baba yake, mpaka FIFA ilipobadilisha kanuni mwaka 2020. Namba ya kudumu Barcelona hakuipata.

Agosti 8, 2021 Messi aliaga akilia mbele ya waandishi wa habari, na jioni ya siku hiyohiyo Barcelona wakacheza Gamper na Juventus walewale, wakashinda 3-0. Agosti 8, 2023 walikuwa nyuma 2-1 dhidi ya Tottenham hadi dakika kumi za mwisho, kocha Xavi akamwingiza Lamine Yamal wa miaka 16, na mechi ikaisha 4-2. Kilichofuata kwa Yamal kila mtu anakijua.

Agosti 8 kwetu ni Nanenane, na ndiyo tarehe ya asili ya Simba Day, siku ya klabu ya Simba kutambulisha kikosi chake, iliyoanza mwaka 2009. Yanga nao tangu 2019 wana Wiki ya Mwananchi. Ni siku za furaha na sina ugomvi na furaha. Ugomvi wangu ni na namna tunavyozitumia. Majina yanaitwa moja moja, fataki zinapigwa, wasanii wanaimba, halafu mgeni kutoka nje ya nchi anacheza na kikosi ambacho nusu yake ni wageni wengine, maana kanuni zetu zinaruhusu klabu kusajili 12. Vijana wa akademi mara nyingi hupangiwa mechi ya utangulizi, jua likiwa bado linawaka na majukwaa yakiwa bado hayajajaa. Hapo kocha wa timu kubwa hayupo hata kwenye benchi.

Na hatuwezi kusema hatujui matunda yake. Agosti 2012, mashindano ya BancABC Super 8 yalipochezwa kabla ya ligi, Simba walipeleka kikosi cha vijana chini ya Selemani Matola. Wengi walidhani wamekwenda kukamilisha ratiba. Vijana wale, akina Edward Christopher, Haruna Chanongo na Ramadhani Singano aliyebandikwa jina la Messi, wakalitwaa kombe kwa kuifunga Mtibwa Sugar kwenye fainali. Kwa wiki chache nchi nzima iliwazungumzia. Kisha dirisha la usajili likazungumziwa zaidi. Singano wetu aliondoka mwaka 2015 kwenda Azam baada ya mvutano wa mkataba uliofika hadi shirikisho la soka, TFF, na wenzake wengi wakatawanyika bila kupewa msimu hata mmoja mzima wa kuaminiwa.

Mbwana Samatta naye alikuwa na miaka 18 Simba walipokutana na TP Mazembe ya Lubumbashi kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika mwaka 2011. Wapinzani walimwona uwanjani, wakamtaka, na safari hii hapakuwa na Rijkaard wa kucheka na kukataa. Mazembe waliondoka naye pamoja na Patrick Ochan, na mwaka 2015 Samatta akawa bingwa wa Afrika akiwa Lubumbashi.

Ratiba za matamasha ya mwaka huu zinapangwa sasa. Simba na Yanga wawape vijana wao kipindi kizima cha kwanza cha mechi kubwa, usiku, taa zikiwaka, dhidi ya mgeni aliyekuja kushindana kweli. Wachezaji 12 wa kigeni wana msimu mzima wa kuonekana.