Mrukaji na Picha Yake: Maonyesho ya Barabarani Katika Njia ya Tunduma

Tunduma ni mji wa njiani. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika hapo, na reli ya TAZARA hupita hapo kuingia Zambia. Mpaka wenyewe ulipatanwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1890, ukapimwa kwa alama mwaka 1898. Nao Wanyamwanga, wenyeji wa nchi hiyo, wakajikuta wako pande zote mbili. Katika njia kama hii hazipiti bidhaa peke yake. Michezo nayo husafiri. Nia ya makala haya ni kutazama maonyesho yaliyofuata njia hiyo, na kuuliza jambo moja: picha ya mchezaji hodari, aliyenaswa akiwa hewani mbele ya watu, yatuhifadhia nini, na yatunyima nini?

Tuanze na beni. Ngoma hii ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, ikashuka mpaka Tanga na Dar es Salaam, ambako vyama viwili, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, tarumbeta na mwendo wa kijeshi. Kila chama kilikuwa na vyeo vyake, tangu mfalme na majemadari hata madaktari. Vita vya 1914–1918 viliisukuma ngoma hii bara. Mwezi wa Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka mpaka huu kuingia nchi iliyoshikwa na Wajerumani. Na mwezi wa Novemba 1918 von Lettow-Vorbeck alipita Fife, karibu na Tunduma, akashika njia ya Kasama, ndipo akaweka silaha chini Abercorn, mji uitwao leo Mbala. Askari na wapagazi waliporudi kwao walirudi na beni. Ikaenea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na kila mahali ikavaa sura mpya.

Twayajua haya kwa sababu watu waliulizwa. Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 juu ya beni, alichanganya majalada ya serikali na simulizi za wazee. Kabla yake, mwaka 1956, J. Clyde Mitchell alieleza ngoma ya kalela ya Luanshya, penye migodi ya shaba: yupo mfalme, yupo daktari mwenye joho jeupe na msalaba mwekundu, yupo na muuguzi. Picha ingetuonyesha joho. Ni maneno yaliyotuambia kwamba mwenye joho aliitwa daktari.

Sarakasi ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1965 Mwalimu Nyerere alizuru China, naye Zhou Enlai akaja Tanzania mwaka huo huo. Katika urafiki huo vijana wa Kitanzania walipelekwa China kujifunza sarakasi, na mwaka 1969 kikaundwa kikundi cha taifa cha mchezo huo. Urafiki huo huo ndio uliozaa reli: mapatano yalitiwa sahihi mwaka 1967, kazi ikaanza 1970, na njia ya kilomita 1,860 ikakamilika 1975. Kwa hiyo reli ipitayo Tunduma na kijana asimamaye kwa mikono juu ya rundo la viti ni ndugu wa wakati mmoja. Reli ina vituo, madaraja na majalada ya kuikumbuka. Kijana yule ana nini? Akishuka chini, kazi yake imekwisha. Inabaki picha, kama ilipigwa.

Basi tuitazame kazi ya mpiga picha. Mtu arukaye kimo cha mita moja hukaa hewani kama sehemu tisa za kumi za sekunde. Akikaribia ardhi huenda kwa mwendo wa zaidi ya mita nne kwa sekunde. Kamera ifunguayo jicho lake kwa sehemu moja ya 25 ya sekunde humpaka kama ukungu wa urefu wa sentimita 18. Lakini penye kilele cha mruko mwili husita: hapandi tena, wala hajaanza kushuka. Hapo kamera hiyo hiyo humwona ametulia, ingawa viungo vya apigaye kichwangomba huendelea kuzunguka. Kwa hiyo mpiga picha mwenye kamera nzito hana budi kufanya moja katika mawili: kungoja kilele, au kuchagua mchezo usiokwenda mbio, kama mnara wa watu uliokwisha kusimama, au mcheza ngongoti akitua mguu.

Hili si jambo la ufundi tu. Mwanahistoria nalo lamhusu sana. Akikuta minara mingi na miruko michache katika picha za zamani, asikate shauri kwamba wazee wetu walipenda kusimama kuliko kuruka. Huenda kamera ndiyo iliyopenda hivyo. Tena kilele humtukuza aliye juu. Wanaume wanne waliobeba mnara kwa mabega huonekana nusu, pengine hukatwa na ukingo wa picha. Na mshikaji, ambaye mikono yake ndiyo uhai wa mrukaji, yuko nje kabisa. Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Hapa yupo, lakini lake halikuandikwa.

Vikundi vya taifa vilipokwisha, kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo mwaka 1981, ambacho tangu 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, na ufundi ukapata nyumba. Lakini waliokuwa vijana mwaka 1969 ni wazee sasa. Picha zao zisipoandikwa majina wangali hai, wajukuu watarithi miili mizuri isiyo na wenyewe.

Mkoa wa Songwe, ambao Tunduma imo, ulianzishwa mwaka 2016, na mwaka 2019 mbio za Mwenge wa Uhuru zilizinduliwa mkoani humo. Katika sherehe za namna hiyo watoto wa shule huonyesha halaiki, na simu huinuliwa mikononi mwa mamia ya watu. Leo picha si haba. Kinachokosekana ni mstari mmoja chini yake: mahali, tarehe, jina la mchezo, majina ya walio juu na, kabla ya hayo, majina ya waliowabeba. Mpiga picha akimaliza kazi, na amngoje mrukaji ashuke, amwulize aitwaye nani, na nani aliyemshika. Mcheza kwao hutunzwa. Na jina lake ndilo tuzo lisiloisha.