Kunoa silinda
Kunoa ni kutia makali kwa kinoo, kama panga linavyonolewa. Injini ya bodaboda inapofunguliwa katika gereji za Meru au Embu ili ifungwe ringi mpya, kitenzi hicho kinaifaa silinda pia, ingawa hapa hakuna makali yanayotafutwa. Vinoo vidogo huzungushwa huku vikipandishwa na kushushwa, vikiacha mikwaruzo myembamba inayokatana. Humo oili hushika na ringi hukaa vizuri. Silinda iliyolika mno hainoleki, huchongwa ikawekewa pistoni kubwa zaidi. Usafishaji ndio unaopuuzwa, na ndio unaoponza injini: petroli pekee haiondoi unga wa kinoo. Silinda ioshwe kwa brashi na maji moto ya sabuni mpaka kitambaa cheupe kitoke safi, kisha ipakwe oili mara moja isishike kutu.