Nsenene si nzige: mdudu wa nyasi anayelisha ndege na watu

Mvua za mwezi wa kumi na moja zikikolea, nsenene wanaruka usiku na kufuata taa. Hapa Kivu Kaskazini, kama kwa jirani zetu wa Uganda, watu wanawaokota na kuwakaanga. Lakini mkulima wa Rutshuru akiona wadudu wengi wanaruka karibu na shamba lake, anajiuliza: nipige dawa ao niache?

Ni mdudu gani?

Wataalamu wanamuita Ruspolia differens. Kuna wa kijani na wa kahawia. Ili kumjua, angalia vipapasio vya kichwani: ni vyembamba na virefu kupita mwili wake. Nzige vipapasio vyake ni vifupi. Usiku, nsenene dume anaimba kwa kusugua mabawa.

Kazi yake ni gani?

Anakula hasa majani na mbegu changa za nyasi, na jike anataga mayai humo humo. Mavi yake yanarudi udongoni kama mbolea. Yeye naye ni chakula cha yangeyange, korongo, mwewe, popo, vyura na mijusi. Basi nyasi za kando ya mashamba na za mbuga ya Virunga si pori la bure. Zikichomwa zote, nsenene anakosa pa kula na pa kutagia, na ndege wanakosa chakula.

Kwa binadamu pia ni chakula kizuri. Akikaushwa, zaidi ya theluthi moja ya uzito wake ni protini. Mafuta anayo mengi, ndiyo maana anakaangwa bila kuongezewa mengine.

Na nzige?

Mwezi wa pili 2020, nzige wa jangwani walionekana Ituri, kando ya Ziwa Albert. Shirika la FAO lilisema ilikuwa mara ya kwanza hapa Kongo tangu 1944. Hao wanasafiri mchana kwa makundi na wanaweza kumaliza shamba zima. Nsenene wakizidi wanaweza kutafuna mtama ao mahindi, lakini makao yao ni nyasi.

Kwa hiyo, kama huna hakika, uliza kwanza agronomu wa karibu kabla ya kununua dawa. Na shamba likishapigwa dawa, musiokote nsenene humo: sumu ile ile itafika kwenye sahani ya watoto.