Kilichokuwa Chini ya Msikiti wa Shanga

Tarikhi ya Kilwa, iliyoandikwa katika karne ya 16, inasimulia kwamba Ali bin al-Hasan alitoka Shirazi akakinunua kisiwa kwa nguo. Ni hadithi tamu, na kwa muda mrefu ndiyo iliyowaongoza wachimbaji. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa Kisiwani na kuchapisha matokeo yake mwaka 1974, aliona kwamba chini ya majengo ya mawe kulikuwa na kijiji cha watu waliovua, wakafua chuma na kuishi katika nyumba za miti na udongo. Hata hivyo, historia yenye uzito aliianzisha pale wageni walipotia nanga.

Jibu hilo lilitikiswa Shanga, katika kisiwa cha Pate, kaskazini mwa pwani ya Kenya. Katika miaka ya 1980, Mark Horton na wenzake walichimba ndani ya magofu ya msikiti wa Ijumaa, na walipofika sakafuni hawakukoma. Chini yake walikuta mashimo ya nguzo. Yaani madoa tu ya udongo wenye rangi tofauti, mahali ambapo miti iliyosimikwa ilikuwa imeoza. Ulikuwa msikiti mdogo wa miti, wa karne ya 8. Juu yake ulijengwa mwingine, na mwingine tena, palepale, hadi watu walipoanza kujenga kwa matumbawe. Vyungu vya kienyeji vimo tangu tabaka la chini kabisa, navyo ni vya jamii moja na vile ambavyo Felix Chami, katika tasnifu yake ya mwaka 1994, alivihusisha na wakulima wa kale wa pwani ya Tanzania.

Wapo wanaotaka kuligeuza hili kuwa kaulimbiu kwamba mgeni hakuchangia lolote. Nao wanakosea. Mwaka 2023 ulichapishwa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani. Wengi walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa wanawake, na asili ya Kiasia, hasa kwa wanaume wa Kiajemi. Mchanganyiko huo ulianza takriban mwaka 1000. Tarikhi, basi, haikuwa uongo mtupu. Ila wakati huo mahali pa msikiti wa Shanga palikuwa pameshasujudiwa kwa zaidi ya miaka mia mbili.

Mtumishi wa halmashauri kule Bariadi atauliza haya yanamhusu nini. Yanamhusu kwa sababu ushahidi uliosahihisha historia ulikuwa madoa na vigae. Magofu ya Kilwa yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981; kuta huonekana. Usukumani wazee wetu walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Katapila linalochota kifusi cha barabara pale Zagayu laweza kupita katika makazi ya kale kwa asubuhi moja, na asiwepo wa kushtuka, maana hakuna ukuta ulioanguka. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, kigae kikiwamo. Afisa utamaduni wa wilaya angeweza kuanza kwa kumwonyesha dereva wa katapila kigae hicho kabla injini haijawashwa.