Jina la Mtunzi katika Wimbo wa Dijitali: Mfano wa Msambweni na Pwani ya Kusini

Makala haya yanakusudia kuichunguza historia ya vyombo vya kurekodi muziki katika Pwani ya Kenya, na athari zake kwa utanzu ambao sisi wanafasihi huudai kuwa wetu, yaani shairi linaloimbwa. Mjadala wa teknolojia ya dijitali umeelemea mno upande wa uchumi: nani anauza, nani anaiba. Swali letu ni jingine. Kila kilipoingia chombo kipya, jina la mtunzi lilikwenda wapi?

Katika ushairi wa kale wa Kiswahili, aghalabu mtunzi alijitaja katika beti za mwisho. Saini yake ilikuwa ndani ya matini, hivi kwamba aliyelihifadhi shairi alilihifadhi na jina. Santuri iliivuruga desturi hiyo. Siti binti Saad aliporekodi Bombay mwaka 1928, uso mmoja wa santuri ulichukua takriban dakika tatu tu, na wimbo wa beti nyingi haukuwa na budi kupunguzwa. Mipaka hiyo hiyo ilimkabili Fundi Konde, mzaliwa wa Kwale, aliyeanza kurekodi katika miaka ya 1940. Hata hivyo santuri ilikuwa na kibandiko chenye jina, ijapokuwa mara nyingi lilikuwa la mwimbaji.

Kaseti ilirudisha urefu wa wimbo. Taarabu za arusi zilirekodiwa, na maduka ya Mombasa kama Mbwana Radio Service yakauza kanda. Baadhi ya mashairi ya Ahmad Nassir, mwandishi wa Malenga wa Mvita (1971), yaliwafikia wengi kwa sauti ya Juma Bhalo. Lakini kanda iliyonunuliwa mjini ilinakiliwa kijijini, na juu ya nakala likaandikwa kwa kalamu jina la mwimbaji pekee. Kwa hiyo kosa tunaloitwika dijitali lilianza kabla yake.

Dijitali ililikamilisha. Mwaka 2009 nyaya za baharini za Seacom na TEAMS zilifika Mombasa, na intaneti ikaenea. Katika vibanda vya Msambweni, kijana mwenye kompyuta humjazia mteja mamia ya nyimbo katika kadi ya simu, nyingine zikiwa na nambari tu badala ya anwani. Nayo huduma ya Skiza ya Safaricom humpa mpigaji simu kipande cha wimbo hadi ajibiwe. Ikiwa saini iko katika beti za mwisho, ni nani atakayeisikia? Marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2022 yaliagiza kwamba wasanii wapate asilimia isiyopungua 52 ya mapato ya milio hiyo. Ni hatua njema. Lakini haki humfikia anayetajwa, na mtunzi aliyepotea jina hana pa kuidai.

Huenda ikasemwa kwamba wimbo wa Kiafrika ni mali ya jamii. Hoja hiyo inaisadifu ngoma kama sengenya ya Wadigo. Haiyasadifu mashairi yaliyotungwa na mtu mmoja kwa vina na mizani yake. Boukheit Amana tunamjua kwa kuwa Malenga wa Vumba (1982) ilipigwa chapa. Malenga aliyeacha sauti tupu hana jalada la kumtetea.

Tukihitimisha, chombo hiki kinachopoteza jina kina nafasi ya kulirudisha, kwani faili la wimbo laweza kubeba jina la mtunzi popote linaponakiliwa. Kinachokosekana ni wa kuliandika. Wanafunzi wetu wa uzamili waanzie Msambweni, Gazi na Vanga: wakusanye kanda, wakae na wazee, waulize kila wimbo ni wa nani. Kanda huchakaa, na wanaokumbuka hawangoji. Tahakiki isiyomjua mtunzi itabaki kuusifu mwangwi.