Boma Nyuma ya Boma

Mtu akitaka kujua tunavyoufikiria mpira wa miguu hapa Bagamoyo, na aketi barazani saa za alasiri, siku mbili tatu kabla ya pambano la Simba na Yanga. Atasikia majina ya wafungaji yakitajwa moja baada ya jingine, kwa sifa na mbwembwe. Atasikia habari za mawinga na za viungo wachezeshaji. Lakini aulize, "Je, beki wa kulia akiumia, nani ataingia?" Baraza zima litanyamaza, na pengine atatokea mmoja wa kumwambia asilete nuksi. Katika ukimya huo ndimo ilimojificha sehemu kubwa ya historia ya kandanda ya nchi yetu, na hiyo ndiyo ninayotaka kuizungumza.

Ninayo sababu ya karibu ya kulifikiria jambo hili. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia vijana wa chuo kimoja cha hapa pwani katika mazoezi yao ya jioni. Timu ya chuo si kama timu ya mtaa. Mtaani mchezaji huanza akiwa mtoto na huacha pale magoti yanapokataa. Chuoni mchezaji huja leo, na baada ya miaka miwili au mitatu amekwisha kwenda zake na cheti chake. Na katikati ya muda huo yupo atakayepelekwa mikoani kwa mazoezi ya kazi, yupo atakayezuiwa na mitihani, na yupo atakayeitwa nyumbani msibani. Mwalimu anayewapanga kumi na mmoja tu, kisha akasema timu imekamilika, ni kama mtu ajengaye kibanda ufukoni wakati maji yamekupwa. Yakijaa, ataona.

Vijana hawapendi sana maneno hayo. Nahodha wao aliniamkia siku moja, kisha akaniambia kwa adabu, "Mzee, sisi tunataka mabao. Mambo ya ulinzi yanachosha." Nikamwuliza kama anamjua Bwana Heri wa Saadani. Akasema amesikia jina tu.

Basi tuanze na Bwana Heri. Vita si mchezo, na damu iliyomwagika katika pwani hii haistahili kufanyiwa mzaha, lakini habari zake hutufundisha maana ya kina. Mwaka 1888 watu wa mrima waliinuka dhidi ya Kampuni ya Wajerumani iliyotaka kuitawala pwani. Abushiri bin Salim, kiongozi aliyevuma kuliko wote, alijenga boma lake kubwa mahali paitwapo Jahazi, karibu na Bagamoyo. Tarehe 8 Mei 1889 Hermann Wissmann na askari wake walilivamia, na boma likaanguka siku hiyo hiyo. Abushiri mwenyewe aliponyoka akaendelea kupigana, lakini hakupata tena ngome ya namna ile. Tarehe 15 Desemba mwaka huo alinyongwa Pangani.

Kaskazini ya hapa, Saadani, Bwana Heri naye alishambuliwa Juni 1889, mji wake ukachukuliwa. Akarudi nyuma, bara kidogo, akajenga boma Mlembule. Mwezi Desemba Wajerumani walilishambulia boma hilo wakarudishwa. Iliwabidi waje tena na nguvu kubwa zaidi, likaanguka Januari 1890. Bwana Heri akarudi nyuma tena hadi Palamakaa, wakamfuata huko mwezi Machi. Aprili 1890 akaweka silaha chini kwa mapatano, na hakunyongwa. Sisemi kwamba Abushiri alipungukiwa na ushujaa, la hasha. Nasema kwamba aliyekuwa na mahali pa kurudi nyuma alipata muda, na muda ukampa nafasi ya kupatana.

Hiyo ndiyo maana ya ulinzi wenye kina. Katika mpira una sura mbili. Ya kwanza imo ndani ya uwanja: anayemkabili mwenye mpira awe na mwenzake nyuma yake, ili akipitwa asiachwe kipa peke yake. Ya pili ipo nje ya mstari: kila mlinzi awe na mtu wa kushika nafasi yake, mtu aliyefanya mazoezi pamoja na wenzake mpaka wakazoeana hata kwa sauti. Timu yenye sura ya kwanza tu huishi mpaka siku ya jeraha la kwanza.

Sasa tuitazame historia yetu kwa jicho hilo. Mwaka 1979, katika Kombe la Klabu Bingwa Afrika, Simba ilifungwa nyumbani mabao 4-0 na Mufulira Wanderers ya Zambia. Wengi waliona mambo yamekwisha. Simba ikaenda Zambia ikashinda 5-0 na kusonga mbele. Hadithi ya mabao yale matano imesimuliwa kwa watoto na wajukuu, na inastahili. Lakini ni nani katika masimulizi hayo aliyewahi kukaa chini akauliza yale manne ya Dar es Salaam yaliingiaje?

Mwaka huo huo wa 1979 Taifa Stars ilikwenda Ndola kutafuta tiketi ya Fainali za Mataifa ya Afrika. Ilikuwa imeshinda nyumbani 1-0, na bao la Peter Tino likaipatia sare ya 1-1 ugenini. Kwenye fainali za Lagos, Machi 1980, vijana wetu walifunga bao katika kila mechi: walifungwa na Nigeria 3-1, wakafungwa na Misri 2-1, wakatoka sare na Ivory Coast 1-1. Mabao matatu ya kufunga, sita ya kufungwa, pointi moja.

Ilitubidi tusubiri miaka 39. Mwaka 2019, huko Misri, tulifungwa na Senegal 2-0, na Algeria 3-0, na katikati yake tukacheza na jirani zetu Kenya. Siku ile tuliongoza mara mbili na bado tukalala 3-2. Tulijua kupata bao; tulichoshindwa ni kukaa nalo. Bao lililopatikana lisipolindwa ni sawa na samaki aliyevuliwa akaachwa juani.

Halafu tazama mabadiliko. Fainali zilizofuata kwetu, Januari 2024 nchini Ivory Coast, tulifungwa mabao manne katika mechi tatu badala ya manane, tukapata pointi mbili. Agosti 2025, katika michuano ya CHAN ya wachezaji wa ligi za ndani tuliyoiandaa pamoja na Kenya na Uganda, tuliongoza kundi kwa kufungwa bao moja tu katika mechi nne. Na mwishoni mwa 2025, nchini Morocco, tulifungwa na Nigeria 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Uganda, kisha 1-1 na Tunisia, na kwa mara ya kwanza tukavuka hatua ya makundi ya Fainali za Mataifa ya Afrika. Hatukushinda mechi hata moja katika kundi. Tulivuka kwa kuwa tulikuwa wagumu kuangushwa.

Lakini hapa msomaji asinielewe vibaya, akadhani ninahubiri kukaa nyuma na kuomba Mungu. CHAN tulitolewa na Morocco kwa bao 1-0. Kule Morocco tena, Januari 2026, wenyeji walitutoa kwa bao 1-0 vilevile. Ngalawa ina matengo mawili, moja kila upande. Ukiling'oa moja kwa sababu jingine ni imara, hufiki hata Mbweni. Ulinzi hununua muda, na muda huo ni wa kutafutia bao.

Mfano wa chombo kilichoegemea upande ni Simba ya 2018/19 katika Ligi ya Mabingwa Afrika. Nyumbani iliichapa JS Saoura 3-0, Al Ahly 1-0 na AS Vita 2-1. Ugenini ilifungwa na Vita 5-0, na Al Ahly 5-0, na Saoura 2-0. Hesabu yake ni ya ajabu: mabao sita kwa moja nyumbani, sifuri kwa kumi na mawili ugenini. Ilivuka kundi kwa pointi tisa, furaha ikatanda nchi nzima. Robo fainali ikatoka 0-0 na TP Mazembe jijini Dar es Salaam, kisha Lubumbashi ikafungwa 4-1. Kelele za mashabiki wetu zilikuwa boma lake moja, na boma hilo halisafiri.

Yanga nayo inatupa mfano wa upande wa mashambulizi. Mwaka 2023 ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Fiston Mayele akiwa mfungaji bora wa mashindano hayo. Ilifungwa 2-1 nyumbani na USM Alger, ikashinda 1-0 Algiers, ikakosa kombe kwa kanuni ya bao la ugenini. Kisha Mayele akauzwa, na watani wakaanza kuchimba kaburi. Msimu uliofuata Yanga ilichukua tena ubingwa wa nchi, na mfungaji bora wa ligi, kwa mabao 21, alikuwa Stephane Aziz Ki, ambaye kazi yake si namba tisa. Mabao yalikuwa yakitoka katikati, pembeni na kwenye mipira ya adhabu, na adui hakujua amfunge kamba nani. Katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, mwaka 2024, Yanga ilikaa na Mamelodi Sundowns dakika 180 bila kufungwa. Shuti la Aziz Ki liligonga mwamba, na wengi wetu mpaka leo tunaamini mpira ulivuka mstari. Mwamuzi hakuona hivyo, na mikwaju ya penalti ikaamua kwa upande wa Sundowns. Hata hivyo timu ile ilikuwa na matengo yote mawili.

Hata sheria za mchezo zimesogea upande huo. Kwenye Kombe la Dunia wachezaji wa akiba hawakuruhusiwa kuingia mpaka 1970; kabla ya hapo, aliyevunjika aliwaacha wenzake kumi. Leo kocha anaweza kubadilisha watu watano katika mechi moja, ruhusa iliyoanza 2020 wakati wa ugonjwa wa korona na kufanywa ya kudumu 2022. Vyuo vikuu vya Marekani hucheza mpira wao wa aina nyingine, ambao sheria zake huruhusu kundi moja la kushambulia na kundi jingine kabisa la kulinda, wakipokezana uwanjani. Mchezo wetu haukubali anasa hiyo. Walewale kumi na mmoja ndio wa kushambulia na ndio wa kulinda. Lakini watano kati ya kumi na mmoja ni karibu nusu ya timu, na mwalimu asiyewaandaa hao watano ameacha nusu ya silaha zake ghalani.

Ghalani, nimesema, na hapo ndipo panaponiuma. Palikuwa na kijana mmoja katika timu ya chuo, beki wa kushoto, mtulivu, aliyekaa benchi mihula miwili. Alikuja mazoezini mvua na jua. Wenzake walimwita "mlinzi wa mabegi", kwa kuwa kazi yake siku za mechi ilikuwa kulinda mabegi yao. Hata baba yake alimwuliza anapoteza muda kwa ajili gani. Akaacha. Wiki tatu baadaye beki wa kushoto wa kwanza alipelekwa mikoani kwa mazoezi ya kazi, na siku ya mechi upande wote wa kushoto ukawa barabara ya wageni. Waliofunga mabao yale hawakuwa na ufundi wa kutisha. Walipita mahali ambapo palikuwa na mtu, naye tukamcheka mpaka akaondoka.

Nahodha yule aliyenifuata na habari za mabao sasa huwapanga wenzake kwa namna nyingine. Kila beki anajifunza nafasi mbili. Katika mechi za kirafiki wa akiba hucheza dakika 30 hata kama timu inaongoza kwa bao moja tu, maana mtu hajifunzi kubeba mzigo kwa kuutazama. Mshambuliaji akipoteza mpira, yeye ndiye boma la kwanza. Na mabegi hulindwa kwa zamu, nahodha naye akiwemo. Hawajachukua kombe lolote. Ila mwaka huu walipoondokewa na wachezaji watano waliomaliza masomo, hakuna aliyekuja kuniambia kwamba timu imekufa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Naamini walisema kweli kuhusu nafaka na fedha. Mchezaji wa akiba ni mtu, naye huweza kuoza moyo akiachwa bila kazi na bila heshima. Taifa linalotaka kusimama na Morocco mpaka dakika ya mwisho, kisha likamfunga, litawapata watu hao vyuoni, mitaani na shuleni, na wengi wao hivi sasa wameketi nje ya mstari wakingoja kuitwa. Tuwaulize majina yao. Barazani kwetu, siku mbili kabla ya mechi, tuanze kuwataja nao.